Mlango wa Marwa

Nakumbuka siku ya kugawa viwanja Bugwema, mwanangu, na umenikumbusha kwa uchungu uliponionyesha ramani ya nyumba yako ya Bweri. Mdogo wako, mtu mzima asiyetembea, umempa chumba cha nyuma kando ya stoo, na ngazi mlangoni. Kaa chini unisikilize.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zinapangwa kwa mstari. Kwetu kijana akishapevuka halali tena kwa mama yake. Anapata nyumba yake, ndipo anahesabiwa mtu. Jirani yetu Marwa alipooza miguu utotoni, akawa anatambaa. Ndevu zimemjaa na bado alilala jikoni kwa mama yake, pamoja na mbuzi. Kamati ikaamua yeye na wengine wenye ulemavu wajengewe nyumba moja nyuma ya ghala la pamba, kusikopita mtu. Halafu wakajipigia makofi. Makofi, mwanangu, kwa kuwaficha watu.

"Hawa wanakulaga kwa mama zao," alisema mwenyekiti. "Viwanja vya barabarani ni vya wenye familia."

Shangazi yangu Nyabise, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mkutanoni, akasimama. "Nani kati yenu alikuwa analalaga jikoni kwa mama yake akiwa na ndevu?" Akamgeukia Marwa. "Basi muulizeni mwenyewe."

Marwa alikuwa ameketi mbele yao muda wote. Akaomba kiwanja cha barabarani, kizingiti kiwe sawa na ardhi, komeo liwe chini mkono unapofika, na njia ya chooni iondolewe mawe.

"Na nikifunga mlango," akasema, "mtu apige hodi."

Walibishana mpaka jua likazama, lakini alijengewa. Jioni ya kwanza mama yake alimpelekea ugali na samaki furu. Akausukuma mlango kama alivyozoea kule jikoni kwake, ukagoma; komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akasimama nje na sahani, akapiga hodi kwa mwanawe, machozi ya furaha yakimtoka.

Kwa hiyo ramani hiyo ichane. Kabla hujamwita fundi, mwite mdogo wako, umuulize mlango autaka wapi na msaada autaka wapi. Kumweka uani ukaita huruma ni kumdharau, na mimi sitaingia nyumba hiyo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na siku ya kuhamia uwe wa kwanza kupiga hodi mlangoni kwake.