Vita vya Siffin katika Kiwanja cha Nkambo

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilipita mji wa Kamina, kule Kongo, nikamwomba mwenye pikipiki anipeleke mtaa wa wafanyakazi wa reli. Nilitaka kuona tu. Kiwanja cha bibi yangu, nkambo kama tulivyomwita, sasa kina nyumba tatu za bati jipya. Kwa jirani yake, mama mushonaji, wanachaji simu. Nilisimama nikicheka peke yangu hadi mwenye pikipiki akaniuliza kama niko mzima. Ningemwelezaje kwamba pale, kati ya choo na jiko la nkambo, sisi watoto wa Wamethodisti tulipigana vita vya Siffin?

Ulikuwa mwaka ambao vita vilikata reli ya kaskazini. Madarasa yetu yalijaa watu waliokimbia Manono na Kabalo, basi hatukusoma. Asubuhi tulitwanga mihogo na kuchuma majani yake, sombe. Mchana, tukishashiba bukari, ugali wetu, na samaki wakavu, tulihamia barazani kwa mama mushonaji kumfumulia nguo kuukuu. Alikuwa Mwislamu, lakini wa namna yake. Babu zake walitoka Omani, wakapitia Unguja hadi Kasongo, na yeye alikuwa Mwibadhi pekee tuliyemjua. Waislamu wengine wa mtaa waliswali wamekunja mikono kifuani, yeye aliiacha ining'inie. Kiswahili chake kilituchekesha pia. Alisema "mtoto" kama redio, wakati sisi sote tulisema "mutoto", na "bantu" badala ya watu, na "minyi" badala ya mimi.

Nkambo alimpenda, na alibishana naye kila siku. "Dini yako ilianzia wapi, weye wa mikono chini?" alimwuliza mchana mmoja akichambua maharagwe. Mama mushonaji, miguu ikiendelea kukanyaga mashine, akatusimulia.

Haikupita hata miaka thelathini tangu Mtume afariki, Waislamu wakapigana wao kwa wao huko Siffin. Upande mmoja alikuwa khalifa, mkwe wa Mtume. Upande wa pili, gavana wa Shamu, aliyedai kisasi cha khalifa aliyetangulia, ndugu yake aliyeuawa. Gavana alipoona anashindwa, watu wake wakainua kurasa za Kurani juu ya mikuki: Kitabu kiamue! Khalifa akakubali, wakachaguliwa watu wawili wa kuamua. Hapo baadhi ya askari wake wakakasirika. Binadamu wawili waamue badala ya Mungu? "Hakuna hukumu ila ya Mungu!" wakapaza sauti, wakamwacha, wakatoka. Ndiyo maana wakaitwa Khawariji, waliotoka. Walisema kiongozi achaguliwe kwa uchaji wake, hata awe mtumwa wa Kihabeshi, na akipotoka aondolewe.

Nkambo akapiga makofi. "Hao bantu bangekuja huku kwetu!"

Kesho yake tukacheza. Mabua ya mahindi yakawa mikuki, kurasa za daftari la hesabu zikawa Kitabu. Kila mtoto alipewa jeshi, hata msichana wa Manono. Huyu alikuwa wa ukoo wetu wa mbali, mwenye miaka kumi. Alikuwa amefika na watu baki baada ya kutembea wiki nyingi porini, na tangu afike hakutamka neno. Nkambo alimpikia uji wa karanga, akamwimbia nyimbo za kanisa, akamwombea. Kimya. Tulimweka upande wa khalifa kwa sababu kule ilitosha kusimama tu.

Kurasa zikainuliwa. "Basi," akasema kaka yangu, aliyekuwa khalifa. "Tuchague bantu babili, baamue."

Bua likatupwa chini. "Hukumu iko ya Mungu tu!" ikasema sauti kavu tusiyoijua. "Minyi natoka!"

Alikuwa yeye. Alivuka kiwanja, akaelekea relini. Nkambo alimwaga maharagwe yote. "Anasema! Mutoto anasema!" Kaka alitaka kumrudisha, nkambo akamzuia kwa mwiko. "Mumuache atoke! Hata akisema maneno ya Bislamu, aseme tu!" Na akacheza, mguu huu, mguu ule, hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Watoto saba walimfuata. Kwa siku tatu walikuwa na kambi yao nyuma ya behewa bovu, na yeye, aliyekuwa kama bubu, akawa kiongozi na msemaji wao. Siku ya nne walimsimamisha mdogo wangu wa kike akitoka kisimani. "Khalifa wako iko na haki ao hapana?" Mdogo wangu akajibu ana haki, maana khalifa ni kaka yake. Wakamwaga maji yake, wakamchapa kwa mabua.

Mama mushonaji akaacha kushona. Aliita kambi zote mbili, akatugawia vitumbua.

"Hadithi haikuishia pale," akasema. "Waliotoka nao waligawanyika. Wengine walisema asiye nasi damu yake ni halali. Wakawasimamisha wasafiri njiani, wakawauliza swali kama lenu, wakawaua. Wengine, kule Basra, wakakataa. Wakasema: kosa lako nalikataa moyoni, lakini damu yako na mali yako ni haramu kwangu. Nitaoana nawe, nitakuzika. Hao ndio wazee wangu. Ndiyo maana sipendi kuitwa Khawariji."

Msichana wa Manono aliweka kitumbua chini.

"Sisi pia balituuliza njiani," akasema. "Balituuliza tuko ba nani. Papa yangu alijibu."

Mama mushonaji akamvuta kifuani. Baadaye msichana akajifuta uso. "Basi minyi niko wa bale ba Basra," akasema, akaichukua ndoo ya mdogo wangu, akaenda kuijaza.

Miezi kadhaa baadaye mama yake alipatikana Luena, akaja kumchukua. Bintiye alimsimulia mambo mengi kwa pupa, mama mtu akabaki anacheka na kulia bila kupata nafasi ya kusema.

Nkambo hayupo tena. Mama mushonaji alihamia kwa ndugu zake Kigoma, na sijaona tena baraza ambapo wanawake wawili wanabishana juu ya Mungu kutwa, kisha wanaazimana chumvi. Siku aliyohama, nkambo alimbebea mzigo mkubwa kichwani hadi stesheni, akilalamika njia nzima kwamba mbinguni atakaa na nani, kama mtu mzuri hivi anang'ang'ania dini ya mikono chini. Mama mushonaji alicheka hadi akakaa chini, katikati ya njia.