Jani Lililokauka Nyuma ya Shamba la Shangazi Jivari

Shangazi Jivari hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mti mmoja nyuma ya shamba lake la magimbi, umezongwa na mmea wa kutambaa, na huko juu ndiko alikotaga yule kipepeo wetu mkubwa, ambaye viwavi wake hawali mmea mwingine. Jike akikunjua mabawa anafunika sahani. Watu wa mlimani hawana, wa pwani hawana. Ni wa huku kwetu tu, uwanda wa Popondetta, na michikichi imekwisha kumnyang'anya karibu kote. Upande wetu wa mto ulibaki mti huo.

Kwetu ukifunga jani la ukoo wako shinani, hakuna wa kugusa. Lakini likikauka limenyamaza, na yeyote anaweza kukata. Basi kila siku ya tatu shangazi alikwenda kufunga bichi.

Kaka yangu Haugaba alipataka pale apande michikichi.

"Shangazi, huyo mdudu wako utamchemsha na magimbi?"

"Wa kuchemshwa ni wewe, ila mifupa mitupu!"

Tukacheka, na yeye akacheka. Jani lilikuwa bichi.

Kisha mwanangu akashikwa na malaria. Baba yake alikuwa mbali, kwa hiyo shangazi ndiye aliyembeba mpaka zahanati, tukalala huko siku tano. Siku ya tatu nilimwona anatazama mlango.

"Shangazi, wewe nenda tu. Nitaweza."

"Hebu nyamaza, nyonyesha."

Tuliporudi, shamba lilikuwa na mwanga mwingi mno. Mti ulikuwa chini. Haugaba alisimama na shoka, hatutazami.

"Lilikauka, shangazi. Na bado nikangoja siku moja zaidi."

"Najua, baba. Hukukosea."

Angemtukana ningepumua.

Jike alikuwa akizunguka juu ya kisiki, anashuka, anapanda, hana pa kutua. Shangazi akaokota viwavi kwenye majani yaliyonyauka, akawapeleka kwenye mche wa mmea uleule wa kutambaa aliokuwa ameupanda ukutani kwake. Mche ulikuwa mchanga. Kwa siku mbili wakamaliza majani, wakatafuna na shina, kisha wakaanza kudondoka mmoja mmoja. Aliwafagia mwenyewe.

Jike hatujamwona tena.

Mwanangu sasa anatembea. Shangazi humpakata, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Mimi huinamia magimbi yangu, namenya hata yaliyokwisha kumenywa.