Tajiri wetu alituletea mwimbaji wa maadui, uwanja ukahama mbele ya macho yangu

Wakuu, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini kwa umri wangu naitikia mapema nisije nikasahau. Wasukuma wenzangu, mwangaluka.

Ninayoandika hapa nimeyaona mwenyewe. Atakayesema natunga, aje huku Shinyanga nimpeleke kwenye uwanja wenyewe. Siku hizi watu wamelima dengu pale.

Naona wiki nzima mnatukanana humu kuhusu matajiri wa timu za mpira. Huyu anasema tajiri wake hatoi hela, timu inakufa. Yule anasema tajiri wake anatoa sana, ananunua wachezaji wa watani, timu siyo yetu tena. Mtu mmoja anasema yote mawili kwenye uzi mmoja! Nimecheka, halafu nimekumbuka kitu kikanitoa jasho.

Mimi shule niliiacha darasa la pili. Naandika kwa kidole kimoja. Asiyependa herufi zangu apite, ila aniambie kwanza ana ng'ombe wangapi.

Haya.

Ilikuwa miaka ya thelathini, kabla ya vita kuu ya pili. Kwetu ni upande wa Songwa. Almasi hatukuwa na habari nayo, tulikuwa na pamba, karanga na ng'ombe. Mpira hatukuujua. Timu zetu zilikuwa ngoma.

Tulikuwa pande mbili. Sisi Wa Mtoni, wao Wa Kilimani. Mavuno yakishaingia ndani, tunakutana uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile. Wao wanachezea huku, sisi kule, na watazamaji katikati.

Refa hakuna. Mshindi ni yule ambaye jua likizama watu wengi wamesimama kwake. Mtazamaji akichoka na ngoma yako anakugeuzia mgongo, anatembea mbele ya macho yako, anakwenda kwa mwenzako. Hakuna kuiba kura hapo.

Mimi nilikuwa mpiga ngoma kubwa. Kijana, ndevu ndiyo zinaanza. Mwimbishaji wetu, ambaye kwa Kisukuma tunamwita ningi, alikuwa kaka yangu Nkwabi. Sauti yake ya kawaida tu, siwadanganyi. Lakini alijua kila nyumba ina nini, nani kagombana na nani, na akikuimba unacheka huku umekasirika.

Wa Kilimani walikuwa na Jilala. Wakuu, huyo alikuwa na sauti ambayo mtoto analia anasikia ananyamaza.

Msimu mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, nzige walikuja. Nchi nzima ikageuka rangi. Tukatoka na madebe na ngoma kuwafukuza, mimi nikapiga mpaka mikono ikachubuka. Wa Kilimani wao walibahatika, nzige hawakutua kwao. Basi Jilala akatunga wimbo. Nzige walifika kwa Wa Mtoni wakiwa na njaa, wakapigiwa ngoma, ngoma mbovu, wakalala usingizi palepale shambani.

Ule wimbo ulitumaliza. Tulishindwa vibaya. Na mimi, mwenye ngoma mbovu, nilikuwa nikipita kisimani wasichana wananiuliza kama leo nimelaza nani.

Sasa mwenye ngoma yetu alikuwa Mzee Ngasa. Yeye aliswaga ng'ombe wa kuchinja kwa miguu mpaka migodi ya dhahabu ya Geita, akatajirika. Ngozi za ngoma alitoa yeye, fahali wa kula wakati wa mazoezi alitoa yeye. Tulimsema vibaya kwamba ni bahili, anamlisha mzungu wa mgodini nyama nzuri, sisi anatuletea waliokonda.

Baada ya kushindwa, akakasirika.

Jioni moja tuko mazoezini, tukaona Ngasa anakuja, na nyuma yake Jilala. Jilala mwenyewe! Nilisimamisha mikono hewani. Ngoma yote ikafa.

Kumbe Jilala alikuwa na mchumba na hana ng'ombe wa mahari. Ngasa akampa ng'ombe wote wa mahari, sharti aje kwetu. Simlaumu Jilala. Nani kati yenu angekataa?

Ngasa akamwambia Nkwabi akae mwisho wa mstari, aitikie kama wengine. Mbele ya watu wote, bila kumwita pembeni. Nkwabi akasema, "Nitakaa, mzee. Mimi siendi popote." Akaenda mwisho wa mstari.

Nyumbani kwetu hapakukalika. Kijiji nacho kikagawanyika. Wengine wanasema Ngasa ndiye mwanamume, sasa tunashinda. Wengine wanasema tumemtupa mtoto wetu kwa ajili ya aliyetutukana. Na wengi, wakuu, walisema yote mawili, asubuhi hili, jioni lile, kama ninyi. Mama yangu, ambaye tulimwita mayu, yeye alipepeta tu karanga zake.

Mimi mwenyewe? Nilimchukia Jilala. Lakini siku ya kwanza alipoimba juu ya ngoma yangu, nywele zilinisimama. Sikuwahi kupiga vizuri vile. Nikarudi nyumbani nashindwa kumtazama kaka yangu machoni.

Siku ikafika.

Asubuhi uwanja wote ulikuwa wetu. Hata Wa Kilimani wenyewe walikuja kwetu kumsikiliza Jilala, maana walikuwa hawajaamini kama kweli amekwenda. Kule kwao palikuwa na wapigaji na wachezaji, mbele hakuna mtu. Ngasa amekaa kwenye kigoda, miguu ameitandaza.

Jua lilipopanda, Ngasa akamwita Jilala akamnong'oneza. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alitaka aimbwe yeye. Ng'ombe wake waimbwe, safari zake za Geita ziimbwe, majina ya babu zake yaimbwe.

Jilala akaimba. Sauti ile ile. Ng'ombe wa Ngasa weusi, ng'ombe wa Ngasa wekundu, ng'ombe wa Ngasa wenye mabaka. Akimaliza, Ngasa anatikisa kichwa, ng'ombe wanaanza upya.

Mzee mmoja pembeni yangu, anabangua karanga, akauliza kwa sauti, "Hawa ng'ombe watachinjwa lini tule twende nyumbani?"

Watu wakacheka, lakini siyo kicheko cha kufurahia ngoma.

Hapo ndipo kule ng'ambo wakaanza. Wakaanza wimbo wa nzige!

Bila ningi. Walikuwa wameugawana. Bibi mmoja anachukua mstari, mchungaji anachukua unaofuata, halafu fundi wa majembe mwenye sauti kama chura. Sauti mbovu zote, na wanacheka katikati. Wimbo walikuwa wameuimba msimu mzima wakilima, ulikuwa umewakaa mwilini.

Wakuu, sijapata kushtuka vile mpaka leo, na nimeona vita na nimeona njaa.

Watu wa kwetu wakageuka. Siyo Wa Kilimani, wa kwetu! Shangazi zangu. Majirani. Mke mdogo wa Ngasa. Wakatugeuzia migongo, wakaenda kusikiliza wanavyotukanwa wao wenyewe, na walipofika wakashika mbavu kwa kicheko. Heri kutukanwa vizuri kuliko kusikiliza ng'ombe wa mtu wakisifiwa.

Mimi siwezi kuondoka, nina ngoma. Nikamtazama Jilala. Mdomo wake unaimba ng'ombe, mguu wake unakanyaga pigo la kule. Halafu akanyamaza katikati ya neno. Akauweka chini, taratibu, usinga aliopewa na Ngasa wa kuimbia, akavuka uwanja.

Nikajua ndiyo basi, sasa ataimba kule tuzikwe. Lakini hawakumpa. Kila mstari ulikuwa na mwenyewe. Jilala akasimama nyuma ya watu kama mgeni, akisikiliza wimbo alioutunga yeye.

Kwetu likabaki vumbi. Ngasa kwenye kigoda. Wachezaji wamesimama hawajui mikono waipeleke wapi. Na mtazamaji mmoja amekaa chini amenyoosha miguu. Mayu.

Ngasa akageuka kule mwisho wa mstari. "Nkwabi, simama mbele. Kesho njoo uchague ndama."

Nkwabi hakugeuza hata shingo. Nikaona kaka yangu amekuwa mgumu, na nikajua akiondoka hapo hatarudi kwenye ngoma tena maisha yake yote.

Mama akasema, bila kupaza sauti, "Mwanangu, mimi nimekuja kuangalia ngoma. Mbona hamchezi?"

Nkwabi akatembea mpaka mbele. Akamsubiri mchungaji wa kule amalize mstari wake, kisha akajibu.

Akaimba kwamba ni kweli nzige walilala kwa Wa Mtoni. Ngoma iliwalaza. Tukawaokota na vikapu, tukawakaanga, tukashiba mpaka mtoto wa mwisho. Enyi Wa Kilimani ambao nzige waliwapita, ninyi usiku ule mlikula nini?

Mayu alicheka akalala chali.

Nikapiga ngoma ile mbovu kwa nguvu zangu zote. Kule kicheko kikasimama, kisha kikaanza tena, safari hii wanajicheka wenyewe, na shangazi zangu wakaanza kurudi mmoja mmoja wakijifanya wamesahau kitu.

Hatukushinda. Jua lilizama wengi wakiwa kule. Ngasa alibeba kigoda chake mwenyewe kwenda nyumbani.

Ningependa tungeshinda, sitaki unafiki. Mpaka leo najiuliza, Jilala na Nkwabi wangeimba pamoja, Ngasa akanyamaza, nani angetuweza?

Baadaye niliswaga ng'ombe mwenyewe, nikanunua lori, nikawa na mali kuliko Ngasa. Mwaka mmoja nilimkuta Jilala mwaloni Nkome, kule ziwani mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, anaanika dagaa na mkewe yule yule wa mahari. Alikuwa ananong'ona wimbo. Siyo wake. Ulikuwa wa Nkwabi. Nikanunua dagaa, nikapakia kwenye lori.

Funzo langu ni fupi. Tajiri atoe, tena atoe sana, asiyetoa ni bahili tu. Lakini akishatoa akae na watazamaji, asiombe kuimbwa, na wa nyumbani asimweke mwisho wa mstari. Nimelisha timu ya vijana hapa kwetu miaka mingi. Hakuna aliyewahi kusikia jina langu uwanjani.

Haya, ninyi mnaojua sana. Siku ile mngehama, au mngekaa chini na mama yangu? Semeni ukweli, naweka miwani nisome.