Oda za Meza Nzima

Mzee Sahani alikuwa mhudumu wa hoteli aliyebeba oda za meza nzima kichwani, hadi alipoanza kuchanganya vyakula vya wateja, akastaafishwa. Binti yake akamwekea kwenye simu mchezo wa kunoa kumbukumbu. Kila asubuhi vigae viliwaka kwenye kioo, naye akavigusa kwa mpangilio uleule. Alipanda hatua baada ya hatua, wala hakusikia lolote moyoni.

Jumapili moja familia ilienda kula hotelini. Mhudumu aliposahau walichoagiza, mzee akazitaja oda zote bila kukosea. Wakampigia makofi.

"Baba, mbona hufurahi?" binti aliuliza. "Kichwa kimerudi."

"Kimerudi, mwanangu. Kazi ndiyo haipo."

Chakula kikaja, akala.