Vidole Vinne

Yule dada wa meza ya dirishani haanzi kazi kabla hajafuta kioo cha kompyuta kwa pindo la mtandio wake. Huchapa kwa vidole vinne tu, lakini vinne hivyo vinakimbia kuliko kumi vya wengine. Ukimwendea programu imekugomea, hakupi pole wala hakuulizi umefanya nini. Anakuuliza, "Umesoma mpaka mwisho?" Hujasoma, naye anajua hujasoma.

Siku moja jirani yake wa meza, mtu wa ubishi tangu utotoni, alimwendea kifua mbele. "Dada, hapa umechemka kutukataza kuigusa seva iliyogoma. Kuna blogu moja tunaisoma sote kwenye kundi letu la mtandaoni. Mwenyewe hajitaji jina, ila kazi anaijua. Anasema seva ikigoma, iwashe upya kwanza."

"Kakosea," alisema dada bila kugeuka. "Ukiiwasha upya umefuta ushahidi wote wa kilichoigomesha."

"Akosee yule? Labda wewe!"

"Basi mwandikie umuulize."

Jirani akaandika papo hapo: "Kuna dada hapa ofisini anasema umekosea. Hebu mjibu." Akatuma. Simu ya dada, iliyolala kando ya kikombe, ikatetemeka.

Jirani aliitazama simu, kisha akamtazama mwenye simu. Vile vidole vinne vilikuwa vimeshaanza kukimbia. Jibu likatokea kwenye kioo cha jirani: "Huyo dada kasema kweli, nilikosea. Nasahihisha sasa hivi. Umesoma mpaka mwisho?"