Lowell Brubaker na Dola Isiyowahi Kununua Mkate

Lowell Brubaker alikuwa kinyozi hapa Harlan Mills, Ohio, tangu enzi ambazo nywele ndefu zilikuwa kosa mpaka kipara kikawa fasheni. Alistaafu zamani, lakini ukimsalimia barabarani bado hukutazama kisogo kwanza ndipo akuitikie. Ni mtu mwema kabisa. Mdomo wake ndio sina la kuutetea.

Mapenzi yake ni mawili: mkewe Nadine, na zile dola za zamani za fedha zenye kichwa cha mwanamke tunayemwita Bibi Uhuru. Sisi wakusanyaji wa sarafu hukutana kila mwezi katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, na mwenyekiti ni yeye. Mfukoni hutembea na dola ya mwaka 1921 aliyoachiwa na babake. Mzee yule aliisugua kwa kidole gumba shambani, kanisani na mwisho hospitalini, hadi shavu la Bibi Uhuru likawa laini kama kipande cha sabuni. Kwa mnunuzi haina thamani ya maana. Ukimwomba Lowell akuuzie, atakuuliza kama unaumwa.

Sasa, mwaka 2021 serikali ikatengeneza upya dola zilezile, sura ileile, miaka mia baada ya zile za mwisho. Lo! Chama chetu kikapasuka vipande. Wapo waliozipenda: zinang'aa, michoro imekolea, na mtu wa pensheni anaweza kupata iliyo safi kabisa bila kuuza gari. Wapo walionuna. Na hakuna aliyenuna kama mwenyekiti.

"Sarafu ni kitu kilichofanya kazi," alikuwa akisema. "Hii imetoka mtamboni ikaingia kwenye plastiki. Haijawahi kununua mkate. Haijawahi hata kupotea kwenye kochi! Na nyingine wamezigonga herufi za kiwanda cha sarafu cha Carson City, kiwanda ambacho siku hizi ni makumbusho. Basi na mimi niandike kwenye kofia kwamba nilizaliwa Paris."

Tulicheka, tukaitikia kwa vichwa. Kumbe nusu yetu tulishazinunua na kuzificha kwenye droo za soksi, mimi nikiwemo.

Mkutano wa Novemba mwaka ule uliangukia siku ambayo Lowell na Nadine walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Nilikuwa jikoni mwa kanisa nikichemsha kahawa, Nadine akikata pai ya maboga, mara akafuta mkono kwenye aproni na kunivuta pembeni.

"Fern, hebu tazama." Akatoa mfukoni kikopo bapa cha plastiki. Ndani yake, dola mpya ya 2021. "Babake alimwachia ya 1921. Hii ina mwaka wetu wa hamsini. Nataka azilaze pamoja. Nitampa tukimaliza kula."

"Nadine, unajua anavyozisema hizi?"

"Anasema mengi. Hata mimi alisema sijui kupika."

"Na kweli hujui."

"Lakini si amekula miaka hamsini?" Akacheka, akairudisha mfukoni. Alikuwa na furaha ya msichana, nami nikakosa nguvu ya kumwonya zaidi.

Huku nje ya jikoni duru ilikuwa imeanza. Ndiyo desturi yetu: kila mtu anaweka kitu chake kwenye kitambaa cha mahameli, kinazunguka meza, na kila anayekishika anakishika kwa ukingo. Uso wa sarafu hauguswi. Jasho la kidole linaacha doa lisilotoka, na mtu akikosea mara moja husimuliwa kwa watu wapya kama onyo. Zamu ikamfikia Gus Palko, aliyekuwa tarishi wetu wa barua, mtu asiyejua kuogopa mbwa wala mwenyekiti. Akaweka dola mpya mezani, peupe.

"Gus," Lowell akasema, "umezeeka vibaya."

"Ni nzuri, Lowell. Kubali tu."

Nilikohoa. Nikakohoa tena mpaka mtu mmoja akaniletea maji. Lowell alikuwa ameshasimama.

"Nzuri? Ni kizibo cha soda! Anayenunua kitu hiki hajui sarafu, hajui historia, na mimi singeipokea hata kama zawadi. Hata bure!"

Watu walicheka, kisha vicheko vikakatika kimoja kimoja, kwa sababu Nadine alikuwa amefika mezani na kisu cha pai bado mkononi. Alikiweka chini taratibu. Akaweka na kile kikopo, juu ya mahameli, mbele ya mumewe.

"Basi hiki ndicho kizibo chako," akasema. "Hongera ya miaka hamsini."

Lowell akarudi kitini polepole.

Nadine akakibana kikopo kwa kucha kikafunguka. Akaitoa ile dola kwa vidole vilivyojaa siagi, gumba likiwa katikati ya uso wa Bibi Uhuru.

"Nadine!" Lowell aliruka hadi kiti kikaanguka. "Ukingo! Shika ukingo! Utaiharibu!"

Gus akavuta kahawa yake, akanywa funda moja.

"Mbona unapiga kelele, mwenyekiti? Si kizibo cha soda?"

Chumba kizima kililipuka, lakini Nadine hakucheka. "Umesema haijawahi kufanya kazi," akamwambia mumewe. "Inaanza leo." Akaidondosha kwenye mfuko wa aproni, katikati ya funguo za nyumba. Tuliusikia ule mlio, nasi wote tukaguna kama tuliokanyagwa. Akachukua koti, akapanda ngazi. Muda si muda tukasikia gari lao likiondoka.

Nikamrudisha Lowell mimi. Njia nzima hakutania. Tulipofika kwenye kona ya kwao akasema, "Fern, mke wangu alikuwa na hamu ya kunifurahisha, nami nikamwaibisha mbele ya watu."

"Ndivyo ulivyofanya," nikasema. Nilikuwa na hasira naye, sikuona sababu ya kumpunguzia.

Niliingia naye kurudisha sahani ya pai, au niseme ukweli, niliingia kwa umbea. Nadine alikuwa amekaa mezani jikoni na koti lake mwilini, funguo mbele yake, dola katikati ya funguo. Ilikuwa imeshapata mkwaruzo shingoni.

Lowell akavua kofia. Akatoa ile ya babake mfukoni, akailaza kando ya ile mpya. Mashavu mawili, moja limefutika, jingine kali kama la juzi.

"Nisamehe, Nadine," akasema. "Nilikuwa mpumbavu, tena kwa sauti kubwa."

"Sauti ndiyo iliyoniuma," Nadine akasema. "Upumbavu nimeuzoea."

Ndipo Lowell akafanya jambo ambalo katika chama chetu lingemfukuzisha mtu. Akaichukua ile dola mpya, akaweka kidole gumba juu ya shavu la Bibi Uhuru, akalisugua. Mimi nilifumba macho.

"Naomba niibebe mimi," akasema. "Hii ya baba sasa ipumzike sandukuni. Ila ujue, baba alichukua miaka arobaini kulilainisha shavu hili."

Nadine alimtazama. Lowell alikuwa na miaka sabini na sita, na moyo wake ulishafanyiwa upasuaji.

"Arobaini," Nadine akasema. "Basi una kazi. Na usithubutu kuniacha kabla hujaimaliza."

Mpaka leo Lowell huzitukana dola mpya kila mkutano, mkono ukiwa mfukoni, gumba likisugua. Jumapili baada ya ibada Nadine humwambia aitoe. Anavaa miwani, anaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, anachunguza shavu.

"Bado," humwambia. "Bado sana."

Naye Lowell huirudisha mfukoni, kisha huenda kumfungulia mlango wa gari.