Mama mkwe anatia mafuta kwenye mboga yangu

Ndugu mhariri, jina langu naomba libaki kwako, maana mji wetu ni mdogo na maneno yanatembea. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa upande wa Mbeya. Nimeolewa na Mfipa, karani wa serikali, tuna watoto watano na tunakaa Malangali, hapa Sumbawanga. Sijagombana na mwenzangu wala sijafumania mtu. Nimechoka kwa ajili ya chakula.

Nilipoolewa nilikuwa mwembamba. Kila uzazi uliniachia kilo zake, na kula napenda, sitaficha. Chai nilikuwa naweka sukari vijiko vinne, na maandazi juu yake. Ugali wa ulezi nilikula mpaka chungu kinakwanguliwa. Watu walimsifu mume wangu kwamba anajua kutunza. Basi masika yaliyopita nikaanza kuumwa kichwa upande wa kisogoni, nikipanda kilima kidogo tu lazima niketi njiani. Hospitali wakakuta presha iko juu sana, na mizani ikasoma kilo tisini na saba. Mganga, mzee mmoja mpole, akaniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kupooza. Nikamwambia mama yangu mzazi alianguka jikoni akiwa na miaka arobaini na mbili, akaishi mingine mitatu bila kutamka neno. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha.

"Basi unajua unakokwenda," akasema. "Acha sukari. Acha maandazi na kila kilichokaangwa. Mafuta ya nguruwe usiyaguse, na pombe vilevile. Chumvi kidogo sana. Ugali kata nusu, mboga za majani na maharage ndiyo vijaze sahani."

Nikatii. Wiki ya kwanza niliitamani chai mpaka machozi yakanitoka.

Sasa niwaeleze habari za mama mkwe, ambaye si mtu mbaya hata kidogo. Nilipoletwa huku sijui neno la Kifipa, ndiye aliyenifundisha kila kitu bila kunicheka. Mwaka juzi watu wa kwao, upande wa Msanzi, walihamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, na nyumba yake ya zamani ikabomolewa. Akaonyeshwa kiwanja ajenge. Mjane wa miaka sabini angejengaje? Tulimsimamishia kuta, mvua ikatuwahi, mume wangu akamleta kwetu. Alikuja na gunia moja la ulezi wa shamba lake la zamani, na tangu siku hiyo jiko likawa lake. Kupika ndiyo kazi aliyobaki nayo duniani.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepungua kilo kumi. Kichwa kiliacha, kilima nikawa napanda bila kuketi. Lakini Jumapili moja baada ya misa akina mama walimzunguka mama mkwe wakamuuliza, "Mkweo anakwisha hivi, mnamnyima chakula?" Alirudi nyumbani, akafungua kilemba chake, akaniambia, "Kula, mwanangu. Wananiona mchawi."

Nikamweleza aliyoyasema mganga. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu, "Yeye anajua dawa. Chakula nakijua mimi."

Mwezi uliofuata nguo zikaanza kunibana tena. Ugali ulikuwa uleule wa nusu, mboga zilezile. Nikaenda kupima, presha imepanda. Mganga akavua miwani. "Mama, unanidanganya mimi au unajidanganya mwenyewe?" Nilirudi nyumbani nikilia barabarani kama mtoto. Nikaingia kwa mlango wa uani, na pale jikoni nikamkuta mama mkwe ameshika kopo la mafuta ya nguruwe, anachota kijiko cha pili na kukitia kwenye chungu kidogo cha mboga ninazopikiwa peke yangu. Kumbe! Nilikuwa nimeona mboga imekuwa tamu siku hizo, nikadhani ulimi umeshazoea.

"Mama, unaniua!" Nilipiga kelele. Miaka kumi na mitano sikuwahi kumpandishia sauti.

Hakushtuka. Aliweka kopo chini akakaa. Ndipo akanisimulia kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alizaa binti. Binti huyo alikohoa, akakataa chakula, akakonda mpaka akafa. "Nilimbeba mwenyewe mikononi kumtoa ndani. Alikuwa mwepesi kama mtoto mchanga. Na wewe unakwisha hivyohivyo mbele yangu, halafu unataka nikae nikuangalie?"

Tukalia sote wawili. Akaniahidi hatarudia. Siku ya nne nikayaonja tena mafuta kwenye mboga.

Nikaanza kujipikia mwenyewe kwenye jiko la mkaa, nyuma ya nyumba. Tangu hapo na yeye hali. Anajipakulia, anamega matonge mawili, sahani inarudi kama ilivyokwenda. Mume wangu amechoka kuliko mimi. Amesema, "Ama ule anachopika mama, ama baada ya mavuno nimrudishe kijijini. Nyumba yangu haitakuwa na majiko mawili." Kule anakotaka kumrudisha, zile kuta bado hazina paa. Mama mkwe alisikia yote. Hakulalamika. Ameanza kufunga vitu vyake kwenye kitenge, na leo asubuhi ameniamkia vizuri tu, akaniuliza kama kichwa kimetulia.

Nikimwacha aende, nitakuwa nimemfukuza mtu aliyenipokea. Nikila anachopika, najua kitakachonipata, nimekiona kwa macho yangu. Kumbadilisha nimejaribu kwa upole na kwa ukali, nguvu zimeniishia. Ndugu wasomaji, hasa mnaoishi na wakwe na mnaougua presha kama mimi, nielekezeni. Nimwambie nini mama huyu anielewe? Mahindi yameshaanza kukauka shambani.